Wa kike tena? Jinsi tunavyowahesabia wafalme watoto

Tarehe 10 Desemba 2014, saa 11 na dakika 4 jioni, mke wa mtawala wa Monaco alijifungua mtoto wa kike, Gabriella. Dakika mbili baadaye akafuata pacha wake wa kiume, Jacques. Mizinga 42 ikapigwa, 21 ya huyu na 21 ya yule. Kwa mizinga walikuwa sawa. Kwa kiti cha utawala hawakuwa sawa hata kidogo, maana sheria ya Monaco inamtanguliza mtoto wa kiume. Aliyetangulia kuja duniani akawekwa nyuma ya mdogo wake kabla hajafungua macho vizuri.

Nakumbuka maoni niliyoyasoma siku ile. Wengi walimpongeza mama kwa sababu moja: amemaliza kazi kwa safari moja, sasa apumzike. Kazi. Neno hilo lilinikaa kooni.

Mimi ni mama wa mabinti watatu. Alipozaliwa wa tatu, nesi alimfuta, akamfunika, akanilazia kifuani, kisha akaniinamia na kuninong'oneza kwa huruma ya kweli: "Usijali mama, Mungu atakujalia na wa kiume." Sikuwa na la kujali. Nilikuwa nalia kwa furaha, yeye akadhani nalia kwa hasara. Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana sijamsahau. Tangu hapo siwezi kusoma habari za mimba ya kifalme kama watu wanavyosoma matokeo ya mpira. Najua kuna mwanamke kitandani, ameshonwa, anavuja maziwa, na nje ya dirisha kuna nchi nzima inamnong'oneza maneno yale ya nesi.

Katika maoni hayo yote maswali ni mawili tu: wangapi, na wa jinsia gani. Watu huyauliza kana kwamba majibu yamo tumboni mwa mama. Nimeisoma historia ya koo hizi kwa miaka, na nimefika mahali pa kusema bila kusitasita: karibu kila tunalomdai mwanamke azae, lingeweza kumalizwa na karatasi, yaani na sheria. Binadamu waliiandika na binadamu wanaweza kuifuta.

Tuanze na karatasi yenyewe. Tarehe 7 Septemba 1533 Anne Boleyn, mke wa pili wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alijifungua. Barua za kutangaza uzazi zilikuwa zimeandikwa mapema, maana kila mtu alikuwa na hakika ni wa kiume. Palipohitaji neno, makarani waliandika "prince". Akaja Elizabeth. Ikabidi ichomekwe herufi moja, s, mwishoni mwa neno lile, ili kwa tahajia ya enzi zile lisomeke binti. Huwa naifikiria sana ile herufi. Mtoto ana saa chache tu duniani, na tayari yeye ni sahihisho.

Mama yake alikatwa kichwa Mei 1536, hata miaka mitatu haijatimia. Mvulana aliyetafutwa kwa udi na uvumba alipatikana mwaka 1537 kwa mke wa tatu, akatawazwa akiwa na miaka tisa, akafa na miaka 15. Yule aliyeongezewa herufi alitawala kuanzia 1558 hadi 1603. Na katika hekaheka zote zile aliyelaumiwa alikuwa mwanamke, ilhali leo mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kwamba yai la mama hubeba kromosomu X siku zote, na kinachoamua ni mbegu ya baba kama imekuja na X, ya kike, au Y, ya kiume. Sayansi ilianza kulieleza hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Midomo yetu bado haijapata habari.

Msidhani kuzaa wa kiume kulimtoa mtu kwenye kesi. Mwaka 1688, huko huko Uingereza, Malkia Mary wa Modena alijifungua mvulana. Kwa kuwa mumewe alikuwa Mkatoliki na wengi hawakutaka mrithi Mkatoliki, uvumi ukaenea kwamba mtoto si wake: ameingizwa chumbani kwa siri ndani ya chombo cha kupashia kitanda joto. Alikuwa amezalia mbele ya mashahidi makumi, na bado watu hawakuamini. Kabla mwaka haujaisha baba, mama na mtoto walikuwa ukimbizini Ufaransa. Huyu alizaa kile kile ambacho Anne Boleyn alikufa kwa kutokukizaa, na maoni ya watu yakamfukuza nchi.

Misri nayo ina kisa chake. Mfalme Farouk alimwacha Malkia Farida mwaka 1948, baada ya mabinti watatu. Akaoa tena, akampata Fuad Januari 1952. Julai mwaka huo huo wanajeshi walimtoa madarakani, na kitoto cha miezi sita kikabaki na jina la mfalme hadi ufalme ulipofutwa mwaka uliofuata. Ndoa ilivunjwa ili apatikane mrithi, na mrithi alipopatikana, cha kurithi kikawa kimetoweka.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni Masako wa Japani. Alikuwa mwanadiplomasia, amesoma Harvard na Oxford, alipoolewa na Naruhito Juni 1993, wakati huo Naruhito akiwa mwana mfalme mrithi. Nchi ikaanza kusubiri. Ikapita miaka sita. Desemba 1999 vyombo vya habari vikatangaza mimba ambayo ilikuwa changa kabisa, haijathibitishwa rasmi, na kabla mwezi haujaisha mimba ikaharibika. Mwanamke aliyewahi kupitia hilo kimyakimya, na mume tu akijua, anajua uzito wake. Jaribu kulibeba huku nchi nzima ikikutazama. Aiko alizaliwa tarehe 1 Desemba 2001, na badala ya kusubiri kuisha, kukaongezeka makali, kwa kuwa Aiko ni wa kike na sheria ya Japani inamtaka mwanaume tu. Mei 2004 mumewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba kumekuwapo mambo yaliyokana kazi ya maisha ya mkewe na utu wake. Kwa kasri lile, hayo ni maneno mazito mno. Miezi miwili baadaye ikatangazwa rasmi kuwa Masako anaugua tatizo la afya ya akili linaloletwa na msongo.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2005 kamati iliyoundwa na serikali ya Waziri Mkuu Koizumi ilipendekeza kifungua mimba arithi, awe wa kike au wa kiume. Mswada ukawa unaandaliwa. Februari 2006 ikatoka habari kwamba Kiko, mke wa mdogo wake Naruhito, ana mimba. Tayari alikuwa na mabinti wawili, mdogo wao akiwa na miaka 11. Mswada ukawekwa kando. Wabunge wa taifa zima, watu wazima wenye elimu zao, wakasimamisha kazi ya kutunga sheria wakingoja kuona kilichomo tumboni mwa mke wa mtu. Tarehe 6 Septemba akazaliwa Hisahito, mvulana wa kwanza katika familia ile kwa miaka 41. Watu wakashusha pumzi, na mswada haukurudi tena.

Wanaotetea sharti hilo husema ni mila ya kale isiyoguswa. Historia ya Japani yenyewe inawakatalia. Wanawake wanane wamewahi kukalia kile kiti, wa mwisho akiwa Go-Sakuramachi katika karne ya 18. Katazo la wazi la wanawake liliandikwa mwaka 1889, likarudiwa katika sheria ya 1947. Na zamani, sharti la mwanaume tu liliwezekana kwa sababu kulikuwa na masuria. Mfalme Meiji alizaliwa na suria, na mwanawe Taisho vivyo hivyo. Masuria wameondolewa, sharti limeachwa. Piga hesabu ndogo: kwa kukadiria kwamba kila uzazi ni nusu kwa nusu, mwenye mtoto mmoja ana nafasi nusu ya kukosa wa kiume, mwenye wawili, robo, mwenye watatu, moja ya nane. Ukoo wa mke mmoja unaotegemea wanaume tu, kizazi baada ya kizazi, siku moja lazima uishiwe. Hilo Masako hakulisababisha. Lilikuwa limekwisha andikwa kabla hajazaliwa.

Karatasi ikibadilika, swali hufa haraka kuliko tunavyodhani. Uswidi, mtoto Carl Philip alizaliwa Mei 1979 akiwa mrithi wa baba yake, ingawa dada yake Victoria alikuwa amemtangulia. Tarehe 1 Januari 1980 sheria mpya ikaanza kazi na Victoria akachukua nafasi. Mfalme hakupenda mwanawe avuliwe kitu alichokwisha kuwa nacho, na alilisema hilo waziwazi. Namwelewa kama mzazi. Lakini Victoria alipojifungua Estelle mwaka 2012, hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuuliza lini atapata wa kiume. Uholanzi ikabadilisha mwaka 1983, Norwe 1990, Ubelgiji 1991. Denmaki wakapiga kura ya wananchi mwaka 2009.

Uingereza walikubaliana na nchi nyingine 15 zenye mfalme huyo huyo, mjini Perth, Australia, Oktoba 2011, na sheria ikaanza kutumika Machi 2015. Charlotte, binti wa Mwana Mfalme William na mkewe Kate, akazaliwa Mei 2 mwaka huo. Tarehe 23 Aprili 2018 akazaliwa mdogo wake Louis, na kwa Charlotte hakikutokea chochote. Alilala akiwa nyuma ya kaka yake George katika foleni ya urithi, akaamka akiwa pale pale. Shangazi wa baba yake, Anne, aliyezaliwa 1950, hakupata bahati hiyo: Andrew alipozaliwa 1960 alimpita, Edward alipozaliwa 1964 akampita tena. Hata Elizabeth II, ambaye baba yake alikuwa na mabinti wawili tu, aliishi kuanzia 1936 hadi 1952 kama mrithi wa masharti, kwa sababu kisheria mdogo wa kiume angeweza kuzaliwa wakati wowote. Kisha akatawala miaka 70.

Na asije mtu akaniambia kutamani wa kiume kwenye kiti ni maumbile. Kwa Balobedu wa Afrika Kusini, kiti cha Modjadji, Malkia wa Mvua, kimerithiwa na wanawake tangu karne ya 19. Huko anayesubiriwa ni wa kike. Watu husubiri kile ambacho desturi yao imewaambia wasubiri.

Lile swali la pili, la wangapi, ndilo gumu zaidi kwangu, kwa sababu halina sheria ya kulaumu. Hilo ni letu sisi.

Septemba 2017 ilipotangazwa kwamba Kate ana mimba ya tatu, tangazo lilitolewa mapema kuliko kawaida kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alikuwa na kile kichefuchefu kikali cha mimba ambacho hakimwachi mtu hata kunywa maji. Katika mimba ya kwanza, mwaka 2012, kilimlaza hospitalini. Nilitarajia kusoma pole. Zilikuwapo, lakini pembeni yake watu walikuwa wanajumlisha: wa tatu wa nini, wana mrithi na spea tayari, wanatoa mfano gani kwa dunia iliyojaa watu? Miaka miwili baadaye shemeji yake Harry akasema hatazidisha watoto wawili kwa ajili ya mazingira. Ungedhani hapo watu wangeridhika. Wengine walimsifu, wengine wakamkejeli. Na wakati mjadala huo unaendelea, Julai 2020, mkewe Meghan alipoteza mimba, jambo aliloliandika mwenyewe Novemba mwaka huo. Kila ninapokumbuka mfuatano huo wa tarehe naona aibu kwa niaba yetu. Tulikuwa tunagombana kama wawili wanatosha, na yeye alikuwa anaomboleza.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya kodi. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza familia ya kifalme inamgharimu nini. Ana haki kabisa. Ila aelekeze swali panapohusika. Nchini Uingereza fungu ambalo serikali humpa mfalme hukokotolewa kutokana na faida ya milki iitwayo Crown Estate; halipandi kwa sababu kitanda cha mtoto kimeongezwa. Na nani ahesabiwe kuwa wa kasri, nani apewe cheo, nani alipwe kwa kazi ya umma, hayo yote huamuliwa mezani. Oktoba 2019 Mfalme wa Uswidi aliwatoa wajukuu zake watano katika nyumba rasmi ya kifalme. Denmaki, Malkia Margrethe aliwavua wajukuu wanne vyeo vya mwana mfalme na binti mfalme kuanzia Januari 2023. Baba yao aliumia na akalisema hilo hadharani, lakini uamuzi ulipita. Japani, mwaka 1947, watu 51 wa matawi 11 walitolewa katika ukoo wa kifalme kwa mpigo mmoja. Ukitaka ufalme mdogo, njia ni hiyo. Hakuna haja ya kuchungulia kitanda cha mtu.

Sisi wenyewe hatujui tunachotaka. Kwa miaka tulisikia kwamba familia ya kifalme ya Uingereza ni kubwa mno, ipunguzwe. Februari 2024 Mfalme Charles akatangaza ana saratani, Machi Kate akatangaza yake, na ghafla malalamiko yakageuka: wako wachache, nani atakwenda kwenye shughuli?

Uwingi nao haujawahi kuwa bima. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto wapatao 36 hai. Kama hesabu ya watoto wa kiume ingeleta amani, Zanzibar ingetulia. Badala yake Majid alibaki na Unguja, Thuwaini akashika Muscat, na mwaka 1861 ikabidi Gavana Mkuu wa Uingereza huko India aikate milki ya baba yao vipande viwili. Barghash naye alikuwa ameasi mwaka 1859 dhidi ya Majid, na aliyemwandikia barua za njama alikuwa dada yao, Salme, msichana wa miaka 15 hivi. Kalamu walimpa. Kiti kisingemfikia kamwe, hata ndugu zake wote wangemalizana.

Kwa upande wa pili yuko Malkia Anne wa Uingereza. Alibeba mimba 17. Kumi na saba. Nyingi ziliharibika au watoto walizaliwa wafu, na aliyeishi zaidi, William, alifariki mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Sijui mwili wa mwanamke unabebaje hayo. Alifanya hivyo kwa ajili ya mrithi, na mrithi hakupatikana. Mwaka 1701 bunge likapitisha sheria moja, urithi ukahamishiwa kwa jamaa wa mbali wa ukoo wa Hanover, na alipofariki mwaka 1714 kiti kikapata mtu. Kilichoshindikana kwa mimba 17 kiliwezekana kwa kurasa chache.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu leo akisema mke wa fulani "amempatia" mumewe wa kiume, au "ameshindwa", au "aongeze mmoja", namkatiza. Nimemkatiza hata mama yangu mzazi, kwa heshima. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba nilipozaliwa mimi, wa nne na wa kike wa nne, hakuna mtu kwa upande wa baba aliyekuja kunitazama kwa wiki nzima. Nilimuuliza alijisikiaje. Akasema alikuwa amechoka tu, na alifurahi kupata usingizi.

Hisahito alitimiza miaka 18 Septemba 2024. Yeye ndiye mwanaume pekee wa kizazi chake katika familia ile. Mbali na yeye wako baba yake, aliyezaliwa 1965, na mzee Hitachi, mdogo wa babu yake, aliyezaliwa 1935, na hapo orodha ya warithi imekwisha. Aiko amemaliza chuo na anafanya kazi katika shirika la Msalaba Mwekundu. Kwa sheria ilivyo, akiolewa na raia wa kawaida atatoka katika familia kabisa, kama alivyotoka binamu yake Mako mwaka 2021. Mapendekezo yapo: wanawake wabaki na hadhi yao wakiolewa, au wanaume wa yale matawi yaliyotolewa 1947 warudishwe kwa njia ya kuasiliwa. Watu wa Japani wenyewe, kura za maoni zikipigwa, wengi wao husema hawaoni ubaya wa mwanamke kutawala.

Mahali fulani sasa hivi yuko msichana ambaye siku moja ataolewa na Hisahito. Pengine yuko darasani. Pengine anapenda hesabu, au anataka kuwa daktari wa macho. Hajui kwamba tayari kuna watu wanaohesabu watoto wake, na kwamba miongoni mwao mmoja lazima awe wa kiume. Bunge la Japani bado lina muda wa kubadilisha sheria kabla hajafika.